Askari asiye na jina: maisha ya Claude Cahun

Sisi wa sendika tunajua vile karatasi inazunguka. Inaandikwa usiku, inakunjwa mara ine, inaingia mu gameli ya chakula, mu mfuko wa koti, ndani ya kaski iliyotundikwa. Asubuhi ekipi ya kwanza ikitaka kushuka, kila mtu amekwisha kusoma na hakuna aliyeona ni nani aliileta. Wengine kati yetu walipoteza kazi juu ya karatasi kama ile. Njo maana, siku tulipokuta habari za msanii mmoja Mfaransa, mwanamke, aliyehukumiwa kifo sababu ya vikaratasi alivyotia mu mifuko ya askari wa Hitler, tulisema hii habari haifai kubaki kwa wasomi wa Paris peke yao.

Jina alilojipa ni Claude Cahun. Leo mabuku ya historia ya sanaa yanamweka kati ya wanawake wakubwa wa surealismu. Lakini kisha kufa kwake ilipita miaka karibu 30 bila watu kumtaja, na wachache waliokuta jina lake mu magazeti ya zamani walizani ni mwanaume. Kwetu Claude ni jina la wote, baba Claude yuko na mama Claude yuko. Hata mu Kifaransa ni vile. Na ile njo sababu alilichagua.

Alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1894 mu muji wa Nantes, kule magaribi ya Ufaransa, na wazazi walimwita Lucy Schwob. Haikuwa jamaa ya shida. Baba yake, Maurice Schwob, alikuwa mwenye gazeti kubwa la pale, Le Phare de la Loire. Baba yake mdogo, Marcel Schwob, alikuwa mwandishi wa kujulikana. Tunasema hii mapema, ili msomaji asizani tunamzungumzia binti wa mfanyakazi. Feza ya nyumbani ilimlisha karibu maisha yote, na mtu mwenye kupiga ekipi tatu hawezi kupata saa za kufanya vile alifanya. Tumesema, tunaendelea.

Lakini feza haikumkinga na kila kitu. Mama yake aliugua kichwa, akafungiwa mu nyumba ya wagonjwa wakati mutoto alikuwa angali mudogo sana, na bibi yake upande wa baba njo alimlea. Ukoo wa baba ulikuwa wa Wayahudi. Ufaransa ya wakati ule ilikuwa imegawanyika juu ya kesi ya Kapiteni Dreyfus, askari Muyahudi aliyehukumiwa kwa uongo kwamba aliuza siri za inchi, na chuki ile iliingia mpaka mu masomo. Wanafunzi wenzake walimtesa, baba akamtoa, akamtuma kusoma Uingereza kwa muda.

Mwaka 1909, akiwa na miaka 14, alikutana na Suzanne Malherbe, binti mwingine wa Nantes, aliyemupita miaka miwili. Suzanne alikuwa anachora vizuri sana. Tangu siku ile hawakuachana tena mpaka kifo. Mwaka 1917 baba ya Lucy alimwoa mama ya Suzanne, aliyekuwa mujane, basi wakawa dada mbele ya sheria. Watu walizoea kuwaita dada. Wao wawili walikuwa wapenzi, waliishi kama watu waliooana, na hatuoni sababu ya kuficha, kwa kuwa bila kujua hii mtu hawezi kuelewa kazi yao. Suzanne naye alijipa jina la kazi: Marcel Moore. Lucy alitwaa Cahun, jina la ukoo wa ule bibi aliyemlea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakahamia Paris. Mu nyumba yao wakaanza kazi ambayo leo watu wanapanga mustari ku musée ili waione: foto. Claude alijigeuza, na mara nyingi Suzanne njo alishika mashini. Tuzieleze kidogo. Mu moja amenyoa kichwa chote, anaangalia pembeni kama mufungwa. Mu nyingine, ya mwaka 1927, amevaa kama mubeba vyuma wa sirki, na mioyo midogo imechorwa ku mashavu, nywele mbili zimekunjwa ku paji la uso. Mu nyingine amevaa koti yenye kushonewa vinyago. Kuna moja amesimama mbele ya kioo: uso wa mu kioo unaangalia pembeni, yeye mwenyewe anatuangalia sisi. Mara ni soda, mara ni mutoto wa shule, mara ni mwanaume mwenye koti na tai. Mu buku yake aliandika kwamba chini ya kinyago kuna kinyago kingine, na kwamba hatamaliza kuvitoa hata siku moja.

Ile buku ilitoka mwaka 1930, inaitwa Aveux non avenus, maana yake maungamo yaliyofutwa. Iko na kurasa zenye foto zilizokatwakatwa na kubandikwa upya: macho, mikono, vichwa vinaota juu ya shingo moja kama majani. Buku haikuuzika. Na zile foto za nyumbani karibu zote hazikutolewa hata mara moja mu maisha yake. Zilikuwa ndogo, zilikaa mu sanduku.

Sasa surealismu yenyewe ni nini? Tueleze kwa ufupi vile tumeielewa. Kisha vita vya 1914 mpaka 1918, vijana wa Paris waliokuwa wameona mashimo ya vita, na wengine wao walifanya kazi mu hospitali za askari waliopoteza akili, walisema ile akili yenye kujivunia hesabu na adabu njo ilituleta ku mauaji. Basi tusikilize upande mwingine wa mtu: ndoto, maneno yanayotoka yenyewe, vitu viwili visivyojuana vikikutana. André Breton aliandika tangazo lao mwaka 1924. Walichukia ukoloni vilevile: mwaka 1931, wakati Paris ilifungua maonyesho makubwa ya makoloni, waliandika trakti ya kuwaomba watu wasiende.

Ni watu tunaoweza kuwapenda. Lakini juu ya wanawake walikuwa na macho mabaya. Mu Desemba 1929 gazeti lao lilitoa ukurasa mumoja ambao unasema yote. Katikati kuna mwanamke uchi, aliyechorwa na Mbelgiji René Magritte. Kuizunguka ile picha kuna foto za wanaume 16 wa kundi, wote wamefumba macho. Mwanamke ni ndoto yao, na wao wanaota. Kwamba mwanamke naye anaweza kuota, na kushika kalamu na mashini ya foto, na kusema ndoto yake mwenyewe, ile haikuwa mu ukurasa. Meret Oppenheim, Leonora Carrington, Dora Maar, Remedios Varo, Toyen, wote walifanya kazi pembeni ya wanaume wale, na kwa miaka mingi mabuku yaliwaandika kama muke wa fulani, mupenzi wa fulani. Claude hakuwa muke wa mtu mule ndani. Njo maana yeye hata ile nafasi ndogo ya muke hakupewa.

Alikutana na Breton karibu na 1932, wakati Hitler alikuwa anapanda Ujerumani na hofu ilikuwa inaingia. Aliingia mu chama cha waandishi na wasanii wa mapinduzi, chama kilichokuwa karibu sana na Wakomunisti. Mule njo alikuta ugomvi ambao sisi wa sendika tunaujua mpaka leo. Wakubwa wa chama walitaka mashairi yenye kusema wazi: songa mbele, piga, simama. Claude alikataa. Mwaka 1934 alitoa kitabu kidogo, Les Paris sont ouverts, maana yake kila mtu angali anaweza kuweka dau lake. Mule alieleza hivi, kwa maneno yetu: neno la amri, mtu analisoma, anakubali ao anakataa, kisha anasahau. Analala juu yake. Lakini ukimpa wazo nusu tu, ukaacha shimo, kichwa chake mwenyewe kitafanya kazi ya kuliziba, na kitu alichomaliza mwenyewe hakitamtoka tena.

Tulipofika pale tulisimama. Trakti zetu sisi zinapiga kelele. Herufi kubwa toka juu mpaka chini, alama tatu za mshangao. Tunajiuliza mara ngapi mwenzetu aliikunja akaitia mu mfuko, akaona ametimiza wajibu. Hatusemi Claude alikuwa na haki kwa kila kitu. Mshahara ukichelewa miezi mbili hauwezi kumwandikia mtu fumbo. Lakini neno lake lilituchoma.

Mwaka 1935 alikuwa kati ya wale walioanzisha Contre-Attaque, kundi la kupinga ufashisti, pamoja na Breton na Georges Bataille. Mu Mei 1936 surealisti walionyesha vitu walivyotengeneza, mu duka la Charles Ratton, muchuuzi mukubwa wa vinyago vya Afrika. (Bei aliyolipwa mwenye kinyago kule kijijini, kila mtu ajiulize mwenyewe.) Claude alileta kitu kidogo cha mbao: jicho moja limesimama wima, lenye nywele, na mukono mudogo chini yake. Kiko leo mu musée ya Chicago. Mwaka 1937 alitoa foto 20 za buku ya mashairi ya watoto ya Lise Deharme. Mwaka ule ule akaondoka Paris na Suzanne.

Walinunua nyumba ku Jersey, kisiwa kidogo cha mufalme wa Uingereza, lakini kiko karibu na Ufaransa kuliko Uingereza. Nyumba ilikuwa ku bahari, ku ghuba ya Saint Brelade, ikipakana na kanisa na makaburi yake. Kule walirudia majina yao ya zamani. Majirani waliwajua kama mademuazeli wawili Wafaransa, wenye afya mbaya, wenye kuvaa suruali na kutembeza paka kwa kamba. Watu walicheka kidogo, wakawazoea.

Tarehe 1 Julai 1940 Wajerumani waliingia Jersey. Waingereza walikuwa wameondoa askari wao, hakuna aliyepigana. Claude na Suzanne wangeweza kukimbia mbele, meli zilikuwako. Walibaki. Ikatoka amri Wayahudi wote wajiandikishe, Claude hakujiandikisha.

Kazi ilianza na vitu vidogo. Suzanne alijua Kijerumani, Claude hakukijua. Walikuwa na mashini ya kuandika, na karatasi nyepesi ya kutoa kopi mingi kwa mara moja. Walikuwa na radio ya kificho, wakati radio zilikwisha kukatazwa mu kisiwa, wakasikiliza habari za London. Usiku Suzanne aligeuza habari mu Kijerumani, na chini wakatia sini moja: Askari asiye na jina.

Hapa njo tunaomba msomaji atulie. Zile karatasi hazikusema: sisi wakaaji wa Jersey tunawachukia ninyi Wajerumani. Zilisema kama soda mmoja Mjerumani anamunongoneza soda mwenzake. Amechoka. Anauliza vita itaisha lini. Anauliza bibi na watoto kule nyumbani wanalala wapi wakati mabomu yanaanguka. Anacheka wakubwa wenye kukula vizuri. Mara ni mazungumzo mafupi ya watu wawili, mara ni wimbo uliogeuzwa maneno, mara ni fumbo. Kila mara kuna shimo ambalo askari lazima alizibe mwenyewe. Ile nazaria ya 1934, ambayo wakubwa wa chama waliiona kama muchezo wa mashairi, sasa ilikuwa inafanya kazi mu mifuko ya jeshi la Hitler. Na kile kinyago cha mu foto za Paris, soda wa uongo, kilipata kazi ya kweli.

Namna ya kuzieneza ilikuwa namna yetu kabisa. Walivaa makoti makubwa kama ya wamama wazee wanaokwenda ku soko, wakapanda basi mpaka muji wa Saint Helier. Karatasi iliingia mu mfuko wa askari aliyetundika koti yake. Iliingia mu pakiti ya sigara tupu, iliyoachwa chini ili soda mwenye hamu ya tumbaku aiokote. Iliingia katikati ya magazeti ya Kijerumani yaliyopangwa kwa kuuzwa, mu madirisha ya motokari za maofisa. Jeshi lilikuwa na watu waliochukuliwa kwa nguvu ku inchi zingine, basi walitafuta namna ya kuandika na mu luga zingine. Na kwa kuwa Wajerumani walikuwa wanazika watu wao mu makaburi ya lile kanisa la jirani, hata pale ku makaburi askari walikuta maneno.

Walifanya vile miaka ine. Miaka ine! Sisi tukitoa trakti tatu mu mwezi tunasema tumechoka.

Polisi wa siri wa jeshi waliingiwa na wasiwasi. Ni nani huyu? Kijerumani ni kizuri, habari ni za kweli, basi lazima ni askari wetu wenyewe, tena wengi, tena wamejipanga. Walitafuta wanaume. Walitafuta mu makambi yao. Wale mademuazeli wawili wagonjwa walipita mbele yao na kikapu, hakuna aliyewaona. Ni macho yale yale yaliyofumbwa ya ukurasa wa 1929, lakini safari hii kufumba macho kwa wanaume kuliwasaidia.

Kisiwa wakati ule kilikuwa kimejaa watu wengine wasio na jina. Wajerumani walileta wafanyakazi wa nguvu, wafungwa wa kutoka Urusi na Waspania na wengine, kwa kujenga ngome na kuchimba mahandaki mu mawe. Handaki moja, ambalo baadaye liligeuzwa hospitali, linazidi kilometa moja. Kila muchimbaji anayesoma hapa anajua kuchimba jiwe bovu bila mbao za kutosha kunaleta nini. Mawe yalianguka, watu walikufa. Na mbali sana na pale, mu vita ile ile, mu Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière mu Elisabethville waligoma juu ya mshahara, wakapigwa risasi mu uwanja wa mupira. Léonard Mpoyi alikufa pale, yeye aliyesimama mbele na jina lake mwenyewe. Kuna wakati mtu lazima asimame na jina, na kuna wakati lazima alifiche. Tumegombana mu kamati yetu juu ya hii neno mara mingi na hatujamaliza.

Tarehe 25 Julai 1944 walikamatwa. Inasadikiwa kuna mtu aliyewasema. Polisi walipekua nyumba, wakakuta mashini, radio, makaratasi. Wao wawili walikuwa wamekwisha kupatana mbele: wakikamatwa watameza vidonge vya usingizi. Walimeza. Hawakufa, lakini waliugua vibaya sana, na ule ugonjwa wa siku nyingi pengine njo uliwaokoa, kwa sababu Wamarekani na Waingereza walikuwa wamekwisha kuingia Normandie na njia ya kutuma wafungwa ku makambi ya Ujerumani ilikuwa inafungwa. Louisa Gould, mama mwingine wa Jersey aliyemficha mufungwa Murusi, alitumwa, akafia Ravensbrück.

Waliwatia buloko ya Saint Helier, kila mmoja chumba chake. Kesi ilikuwa tarehe 16 Novemba 1944. Wakubwa wa tribinali walikuwa hawataki kuamini kwamba wanawake wawili karibu ya miaka 50, peke yao, bila kundi nyuma yao, njo walifanya yote. Waliwahukumu kifo. Tena juu ya kifo wakaongeza miaka sita na miezi tisa ya buloko, kwa ajili ya radio na vitu vingine. Watu wanasimulia kwamba Claude aliuliza kama itawapasa kumaliza kwanza ile miaka sita.

Wao wenyewe walikataa kuomba rehema. Wakubwa wa kisiwa njo waliwaombea, na mu Februari 1945 hukumu ya kifo ikafutwa. Mule buloko waliandikiana na wafungwa wengine kwa vikaratasi, kati yao na askari Wajerumani waliokataa kupigana, wale wale ambao Askari asiye na jina alikuwa anawanongoneza. Wengine walitolewa asubuhi na hawakurudi. Tarehe 8 Mei 1945 milango ikafunguliwa.

Kuna foto ya mwezi ule. Claude amesimama ku mulango, amefunga kitambaa ku kichwa kama mama yeyote wa nyumba, uso umezeeka kuliko miaka yake. Kati ya meno amebana beji ya askari wa Nazi, ile ya tai. Hacheki, hafanyi hasira. Ameiuma tu. Kati ya foto zake zote, sisi tunapenda hii.

Nyumba walikuta imeporwa, na kazi mingi ilikuwa imeharibiwa. Afya ya Claude haikurudi tena. Alikwenda kuona rafiki wa zamani Paris mwaka 1953, akawaza kuhamia, hakuwahi. Alikufa tarehe 8 Desemba 1954, akiwa na miaka 60. Suzanne aliuza ile nyumba, akakaa peke yake mu nyumba ndogo zaidi mpaka mwaka 1972, akajiua. Vitu vyao viliuzwa ku mnada pale pale kisiwani: meza, viti, na masanduku ya makaratasi na foto, bila watu kujua wamenunua nini.

Mu miaka ya 1980 mutafiti mmoja Mfaransa, François Leperlier, alianza kufuata lile jina. Mwaka 1992 alitoa buku ya maisha yake. Mwaka 1995 musée ya sanaa ya kisasa ya muji wa Paris ikaonyesha foto zake, na tangu pale zimezunguka dunia. Sehemu kubwa zaidi iko leo mu mikono ya watunza historia wa Jersey. Zile foto ndogo za sanduku sasa wanafunzi wanaandika juu yake mabuku mazito, na wengi wanasema Claude aliuliza, miaka 60 mbele ya wengine, maswali ya mwanaume ni nani na mwanamke ni nani.

Lakini tusifurahi upesi. Ku ukuta wa musée kwa muda mrefu waliandika jina moja tu: Claude Cahun. Basi ni nani alishika mashini? Ni nani alichora, alikata na kubandika ile karatasi ya 1930? Ni nani aligeuza kila neno mu Kijerumani? Mu foto moja moja kivuli cha mwenye kupiga picha kinaonekana chini, ku mchanga. Wasomi wengine sasa wanadai kazi iitwe ya wote wawili, na mwaka 2018 Paris ilipotoa njia moja mu jimbo la sita, iliitia majina yote mawili, Claude Cahun na Marcel Moore. Tunawaunga mukono, na tunaona haya kidogo. Mu mugomo wetu mmoja wamama wa kambi walikaa barabarani siku tatu mbele ya jeshi, wakapika, wakabeba maji, wakapitisha habari toka mulango mpaka mulango. Mu rapoti ya sendika tuliandika majina ya wanaume saba. Ile rapoti ingali mu kabati yetu. Tumewaomba wamama waje na majina yao, na waliokwisha kufariki watoto wao waje, tuiandike upya.

Ku makaburi ya Saint Brelade, pembeni ya nyumba ya zamani, jiwe moja linawafunika wote wawili. Anayefika pale akitafuta Claude Cahun hataona. Lazima amtafute Lucy Schwob, na pamoja naye Suzanne Malherbe.